Mliotufundisha kwamba nyota (alama `*` kwenye amri) "inafanya kazi popote", njooni hapa mnieleze

Wakuu, nimetoka kwa mteja sasa hivi na uso sina pa kuuweka. Naandika hasira zikiwa bado za moto, mtanivumilia.

Mteja ni mama mwenye duka la dawa la jumla, matawi 3. Kila tawi hutoa faili moja la CSV (jedwali la maandishi matupu) la mauzo kwa siku, na mwisho wa mwezi mhasibu wake anakaa anakopi na kupesti mafaili 90 kwa mkono. Nikasema hiyo kazi ya Python. Nikaandika kiprogramu, nikakijaribu kwenye laptop yangu ya Linux: `python3 jumlisha.py *.csv`, yaani jumlisha kila faili linaloishia na .csv. Kufumba na kufumbua jumla imetoka. Nikachukua malipo ya awali, nikala.

Leo nimekipeleka kwenye kompyuta ya mhasibu, Windows. Mama kasimama nyuma yangu, miwani kavaa kabisa. Amri ileile, Enter:

`OSError: [Errno 22] Invalid argument: '*.csv'`

Mhasibu akauliza taratibu, "Kaka, kwani kuna faili linaitwa nyota?"

Mnacheka? Huyo mhasibu kaelewa tatizo ndani ya sekunde tano. Mimi nilimpigia mwalimu wa kozi niliyoilipia laki na nusu, akanijibu, "Ondoa Python, uiweke upya." Nikaondoa, nikaweka upya, bando la mteja likaliwa, kosa likabaki palepale.

Hakuna somo hata moja la ile kozi lililosema hili: kule Linux programu yako haijawahi kuiona nyota. Sheli (siyo ile ya petroli) ndiyo inayoisoma amri kwanza, inachungulia kwenye folda, inakusanya majina yanayolingana, inayapanga, kisha inaikabidhi programu orodha kamili. Kiprogramu changu kilikuwa kinaletewa majina 90 yaliyokwisha kuandaliwa, mimi najisifu kwamba kinajua maana ya `*`. Ni utaratibu wa tangu matoleo ya mwanzo ya Unix, babu yake Linux, pale maabara ya Bell Labs. Enzi hizo sheli ilimwachia kazi hiyo msaidizi wake, `/etc/glob`. Kule Windows, cmd (dirisha lake la kuandikia amri) inaipitisha nyota kama ilivyo, kila programu ijijue. `dir *.csv` (ya kuorodhesha mafaili) inakubali kwa sababu `dir` yenyewe inajua kuifungua. Python haijishughulishi. PowerShell nayo, sheli nyingine ya Windows, ukiita programu ya nje humo humo Windows, usiitegemee.

Kinachoniuma zaidi, ningeweza kuligundua hili nyumbani. Bash, sheli ninayotumia kwenye Linux, isipopata faili linalolingana haikwambii kitu, inaipitisha `*.csv` hivyo hivyo. Ningekiendesha siku moja tu kwenye folda tupu ningekutana na kosa la jamii hiyohiyo. Zsh, sheli nyingine, afadhali, inagoma yenyewe: `no matches found`.

Najua wapo wanaonyoosha vidole kuandika "hamia Linux". Kaeni kwanza. Windows naandika `ren *.txt *.bak`, mafaili yote yanabadilika majina, kwa sababu `ren` inaziona nyota zote mbili. Linux andika `mv *.txt *.bak` (`mv` ndiyo ya kubadili jina huko) kwenye folda yenye txt moja na bak moja, uone hiyo bak inavyofunikwa bila kuulizwa. Na yule aliyeandika `find . -name *.csv` (amri ya kutafuta mafaili) bila alama za kunukuu, ikamfanyia kazi mwaka mzima hadi folda ilipopata CSV ya pili, sheli ikaipa `find` majina mawili ikagoma, aje hapa aseme kama alilala siku hiyo. Hata faili likiitwa `-rf`, ukaandika `rm *` ya kufuta mafaili, sheli inalipitisha jina hilo na `rm` inalipokea kama agizo la kufuta hadi folda bila kuuliza. Ndiyo maana wenye makovu huandika `rm ./*`.

Dawa yenyewe, ambayo mwalimu wa laki na nusu hakuwa nayo, ni programu iifungue nyota yenyewe kwa `glob` ya Python:

```
import sys, glob
majina = []
for a in sys.argv[1:]:
    majina += sorted(glob.glob(a)) or [a]
```

Mistari minne! Nimeiandika nimekaa kwenye ngazi za duka, mama anaongea na simu, na nina uhakika alikuwa ananisema mimi. Hiyo `or [a]` msiitoe. Nyota isipopata kitu, jina linabaki lilivyo na kosa linaonekana, kuliko kupata jumla ya sifuri ukamkabidhi mtu.

Nimerudi ndani, imefanya kazi, mama hakusema hata ahsante. Malipo ya mwisho kasema "tutaona Ijumaa".

Na kabla sijamaliza kuandika hapa mhasibu kanitumia ujumbe: tawi la pili wameleta faili linaitwa `mauzo[1].csv`, na kwenye folda hiyohiyo kuna `mauzo1.csv`. Anasema mauzo ya tawi hayapo, ya `mauzo1` yamehesabiwa mara mbili. Bila shaka kaandika jina moja moja, na glob imeyasoma yale mabano kama alama zake: `[1]` kwake ni 1 tu. Wacha nivae viatu.