Dada anamuuguza mama peke yake, amechoka. Tumsaidieje?

Mwana wa Uyole
Wakuu, heshima kwenu. Mama ana miaka 78, kiharusi kimempooza upande wa kulia, yuko Uyole, Mbeya, na dada yetu. Sisi wengine tuko Dar na Iringa, hela tunatuma. Dada halali, mgongo unamuuma, siku hizi hata kuongea ni kwa ukali. Zaidi ya hela tufanye nini?

Mama Zamu
Pole, mwanangu. Anzeni na usiku, ndio unaommaliza. Mgonjwa asiyejigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2, sasa dada analala saa ngapi? Mwekeeni msaidizi wa kulipwa wagawane zamu na dada: mmoja ashike saa 3 usiku hadi saa 8, mwingine saa 8 hadi kukuche. Asiye na zamu alale chumba kingine, la sivyo ataamka kila mama akikohoa. Na nyie wa mbali, pangeni nani anakuja tarehe ngapi kumpokea. Hiyo "ukichoka utuambie" haisaidii, hatasema.

Mkunja Shuka
Mgongo ni kwa sababu ya kumbeba peke yake. Kunja shuka nzito mara mbili, ipitishe chini ya mama kuanzia mabegani hadi mapajani. Watu wawili, kila mmoja upande wake, wakamate shuka karibu na mwili, wakunje magoti, wamsogeze kwa pamoja. Mkono uliopooza usivutwe kabisa, bega linateguka. Kumgeuza, mlaze mshazari tu: mto mgongoni, mwingine katikati ya magoti, mwingine chini ya vigimbi ili visigino visiguse godoro. Kagueni makalio, nyonga na visigino kila siku. Ngozi nyeusi huficha wekundu, kwa hiyo gusa: palipo na joto au pagumu kuliko pembeni asilalie tena, na msipasugue.

Mdau wa Makete
Baridi ya Juni hii, jiko la mkaa lisilale chumbani, moshi wake usioonekana unaua. Chupa ya maji ya moto nayo isiwekwe upande uliopooza, ataungua bila kusikia.
Halafu msimnyime maji eti asikojoe kitandani. Anywe ya kutosha mchana, mpunguzie kuanzia saa 12 jioni. Akianza kuweweseka ghafla msiseme ni uzee, mara nyingi ni maambukizi ya mkojo au mapafu. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mwana wa Uyole
Asanteni sana. Na gharama za hospitali?

Mama Zamu
Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili matibabu bure. Anzeni kwa mtendaji wa mtaa, kisha afisa ustawi wa jamii awaeleze kuhusu kitambulisho.