Ligi ya visiwa hapa Lamu, nchi ndogo za wenzetu zaendeshaje?

Kijana wa Shela
Assalam aleikum wadau. Hapa kwetu mpira ni tonamenti tu, mkubwa fulani yuwaleta kombe na jezi, wiki mbili uwanja wa Twaif unajaa halafu kimya mpaka kampeni nyingine. Mimi nataka ligi hasa, nyumbani na ugenini, msimu mzima. Lakini kila tukikaa hoja ni boti, timu ya Kizingitini itoke kisiwa cha Pate na wachezaji kumi na nane, petroli ya kwenda na kurudi nani atoe, na wakikuta maji yametoka kwenye mlango wa bahari wa Mkanda wakae pale wangoje yajae hadi saa ya mechi ipite. Sasa wenye nchi za visiwa wafanyaje?

Nahodha Siyu
Waaleikum salam kaka. Tazama Komoro. Wao hawachanganyi timu zote tangu mwanzo, kisiwa cha Ngazidja kina ligi yake, Nzwani yake, Mwali yake, zikiisha ndio mabingwa watatu wakutane kutafuta bingwa wa nchi. Timu ya kijiji haipandi chombo msimu mzima. Na kisiwa kidogo hakimezwi, Mwali ndio kidogo kabisa lakini klabu ya Fomboni yatoka huko na ubingwa wa nchi wameshachukua. Sisi tufanye Pate kivyake, Faza Siyu Tchundwa Kizingitini watembeleane kwa pikipiki, Amu Shela Matondoni Kipungani kivyao, na bara Mokowe Hindi Mpeketoni Witu kivyao.

Ami Mkomani
Wazo zuri mwanangu, ila tusidhani ligi peke yake ndio iliyowafikisha Komoro pale. Ile timu iliyoipiga Ghana 3-2 kwenye Kombe la Afrika kule Kameruni Januari 2022 wengi wao ni vijana waliolelewa na kucheza Ufaransa. Sisi hatuna wa kumwita kutoka Marseille, tutakula tunachopanda wenyewe, kwa hivyo ligi bila makocha na timu za watoto haitoshi.

Bi Langoni
Ami kasema kweli, na ndio maana mimi nawapenda Faroe, nchi ya visiwa kule kaskazini mwa Ulaya. Visiwa 18, wavuvi kama sisi, watu hamsini na kitu elfu, na kaunti yetu sensa ya 2019 ilihesabu 143,920, yaani hawafiki nusu yetu! Ligi wanayo tangu 1942. Mwaka 1990 waliifunga Austria 1-0 na mechi ikachezwa Sweden kwa sababu kwao hapakuwa na uwanja wa nyasi unaokubalika, baadaye wakaweka nyasi bandia mpaka vijijini. Klabu zao zina timu ya pili kwenye daraja za chini, kijana hakai benchi bure. Mwaka 2023 klabu yao ya KÍ ya Klaksvík, mji wa watu kama elfu tano, ikaenda Budapest ikaichapa Ferencváros ya Hungaria 3-0 na mwisho ikaingia makundi ya mashindano ya klabu za Ulaya. Uwanja kwanza jamani, kombe baadaye. Na wasichana nao wawekwe kwenye ratiba tangu mwaka wa kwanza si kuambiwa wangoje.

Kijana wa Shela
Shukran sana nyote. Basi mabingwa watatu ni mechi tatu, wikendi moja Twaif yatosha, walale hapa Amu majumbani kwetu. Nahodha, kwa upande wa Pate marefa wa kutosha mko nao?

Nahodha Siyu
Wapo ila hawajasomea. Tutafute kozi kabla ya Ramadhani, na hiyo wikendi ipangwe siku ambazo maji yajaa asubuhi.