Ofa tatu za futiboli ya Kimarekani kwa kijana wangu: tuchukue ipi?

Baba Amani (Des Moines): Habari za jioni, wanajamvi. Kijana wangu yuko darasa la kumi na mbili, dirisha la Februari la kusaini na vyuo linakaribia, na vyuo vitatu vinamtaka. Cha kwanza ni cha Daraja la Kwanza, ngazi ya FCS, yaani ile ya pili ndani ya daraja hilo. Kocha anataka aingie kikosini bila ufadhili na ameahidi kwa mdomo kumpa mwaka wa pili. Cha pili, cha Daraja la Pili, kimeandika ufadhili wa nusu ya ada. Cha tatu ni cha Daraja la Tatu, dakika arobaini kutoka nyumbani. Sisi tumetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na mchezo huu tumeukuta huku Marekani.

Mama Zawadi: Hongera, kaka. Lakini hujatuambia anacheza nafasi gani, alama zake zikoje, na baada ya misaada yote mtabaki kulipa dola ngapi kwa kila chuo. Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Kijana wa Ohio: Achague Daraja la Kwanza. Aliyefanya mazoezi miaka miwili na wachezaji wa FCS hupokelewa Daraja la Pili kwa urahisi, ila kupanda kutoka chini ni kazi ngumu.

Mzee Kalume: Ndugu yangu, ahadi ya mdomo haimfungi kocha. Mwanangu aliahidiwa ufadhili mwezi wa Juni, baada ya kambi ya mazoezi ambayo tuliilipia sisi wenyewe, akaacha kuwajibu makocha wengine wawili kwa sababu nilimlea akijua kwamba neno likishatolewa limetolewa. Mwishoni mwa Novemba kocha mkuu alifukuzwa, mpya akaja na wachezaji waliohama kutoka vyuo vingine, na tangu hapo simu zetu hazikupokelewa. Nilipiga mara sita katika wiki moja. Tulipowarudia wale wawili, nafasi zilikuwa zimejaa. Kijana alikaa mwaka mzima akipanga mizigo ghalani, na hadi leo nikimwona anatazama mechi za Jumamosi, moyo unaniuma.

Kijana wa Ohio: Pole sana, mzee. Hata hivyo, makocha hufukuzwa hata Daraja la Pili.

Mzee Kalume: Hufukuzwa, ila huko mtoto ana karatasi iliyosainiwa.

Mama Zawadi: Tena tangu 2025, vyuo vya Daraja la Kwanza vilivyokubali kuwalipa wachezaji moja kwa moja vina ukomo wa wachezaji 105 kikosini, na asiye na ufadhili ni rahisi kukatwa. Muulize kocha kama chuo chake kimo. Mimi ningetazama cha tatu: Daraja la Tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa, kwa hiyo msaada atakaopewa kwa masomo utabaki hata akivunjika mguu.

Baba Amani: Asanteni. Anacheza lainibeka, yaani upande wa ulinzi, na wastani wake shuleni ni 2.6 kati ya 4. Tutabaki kulipa dola 19,000 kwa mwaka cha kwanza, 9,000 cha pili na 11,000 cha tatu. Darasa la tisa alisoma Kiingereza cha wahamiaji mwaka mzima.

Dada Furaha: Kaka, hapo kwenye Kiingereza simameni kwanza. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, haitazami wastani wa shule, bali masomo 16 ya msingi, yenye wastani wa 2.3 kwa Daraja la Kwanza na 2.2 kwa la Pili, na madarasa mengi ya Kiingereza cha wahamiaji hayahesabiwi. Kila shule ina orodha ya masomo yaliyoidhinishwa katika tovuti ya NCAA; mwende kwa mshauri wa masomo muyapitie moja baada ya jingine. Je, mmejaza FAFSA, ile fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada?

Baba Amani: Tumejaza, na hizo hesabu ni baada ya Pell, ule msaada wa serikali. Jumatatu nitakwenda shuleni. Kijana mwenyewe bado anataka cha kwanza, na fulana waliyompa hulala nayo.

Mzee Kalume: Basi mwombe kocha aandike ile ahadi ya mwaka wa pili kwa barua pepe, kisha utuambie amejibu nini.