Tamthilia za nje msimu wa kaskazi: jukwaa lielekee wapi?

MwanaKibokoni
Hamjambo. Twapanga kuonyesha *Juliasi Kaizari* na *Kinjeketile* uwanja wa wazi karibu na bahari, wikendi za Januari na Februari 2027. Watazamaji kama 250, safu ya mwisho mita 25. Jukwaa lielekee wapi? Sauti tupu itafika? Nyuma tutaweka pazia jeusi, mita 4 kwa 3.

FundiSauti
Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, basi jukwaa liwe upande huo. Upepo ukitoka nyuma ya waigizaji huishusha sauti kwenye viti. Ukiwapiga usoni huinua sauti ikapita juu ya vichwa, na hapo hata mtu apayuke vipi nyuma hawasikii.

Mita 25 na bahari inavuma, sauti tupu sahau. Maikrofoni ndogo bandika juu ya paji, nywele zinapoanzia. Kifuani jasho litaiua, na nguo itakwaruza usiku kucha. Ivishe manyoya ya kukinga upepo, kata besi chini ya hezi 120. Ukiweka spika za ziada mita 15 kutoka jukwaani, zicheleweshe milisekunde 43 (sauti huenda mita 348 hivi kwa sekunde kwenye joto letu), kisha ongeza 10 ili sikio lidhani sauti yatoka kwa mwigizaji. Bila hivyo walio nyuma watasikia kila neno mara mbili.

SeremalaWaJukwaa
Hilo si pazia, ni tanga. Upepo wa mita 10 kwa sekunde utalisukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 75, na kwa mpango wa FundiSauti litawaangukia waigizaji. Mikono ya fremu irudi nyuma mita 1.5, na kwenye ncha zake weka jumla ya madumu 8 ya lita 20 yaliyojaa maji. Hiyo ni mara mbili ya kinachohitajika, usipunguze. Afadhali neti ya kivuli, inayopitisha upepo kiasi: usiku, ikimulikwa vizuri, haina tofauti na kitambaa.

Mkihamia Fort Jesus, msumari ukutani ni mwiko. Kila kitu kisimame chenyewe.

BintiMvita
Mmeomba haki? Shakespeare ni wa wote, lakini tafsiri ni ya Nyerere, aliyefariki 1999, na hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya kifo. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein nayo ina wenyewe. Zote zilitoka Oxford, anzieni kwa mchapishaji.

Ramadhani yatarajiwa kuanza karibu tarehe 8 Februari, kwa hivyo jazeni Januari. Anzeni saa mbili na robo usiku, isha ishaswaliwa.

Mkipunguza *Kaizari*, kateni vita vya Filipi. Hotuba mbili za msibani msiziguse, na raia wanaojibu wakae katikati ya watazamaji. Hao hawahitaji maikrofoni.

MwanaKibokoni
Shukran. Neti ya kivuli, ya kuzuia mwanga asilimia ngapi?

SeremalaWaJukwaa
80, nyeusi. Upepo bado utaisukuma, madumu yabaki palepale.