Helmeti na miwani ya baiskeli ya milimani huku Mbeya: nianzie wapi?

Mteremko_Uyole

Wakuu, habari za jioni. Nina baiskeli ya milimani yenye shoki mbele tu, na mpango ni kushuka njia za msitu wa Kawetere na vijia vya chini ya Loleza mvua zikikata. Kichwani sina kitu cha maana. Nyumbani ipo helmeti ya boda ya kufunika uso mzima. Je, hiyo inatosha, au ninunue ya baiskeli? Na kama ni ya baiskeli, nichukue ya nusu au ya uso mzima? Mitumba ipo, bei imelala, ila sijui nianzie wapi kuikagua. Upande wa macho, navaa miwani ya daktari, na ukungu wa asubuhi huku mnaujua wenyewe. Hela niliyonayo hairuhusu kukosea mara mbili.

Spoki32

Mkuu, ya boda iache kwenye boda. Helmeti ya pikipiki ya uso mzima ina kilo 1.4 hadi 1.6. Ya baiskeli ya uso mzima inacheza kati ya gramu 700 na 1,000, na ya nusu gramu 300 hadi 400 hivi. Kwenye mteremko wa mawe shingo ndiyo inayobeba tofauti hiyo, kila jiwe. Halafu haina matundu ya maana: ukipanda kilima dakika kumi tu, joto na pumzi yako vinabaki humo humo. Matokeo yake mtu anaivua akipanda, anaitundika kwenye usukani, na akifika juu anaivaa bila kufunga mkanda.

Na zipo zile elementi za bei ya chai. Ingiza kidole gumba ndani ubonyeze. Ukikuta kitambaa na sponji laini kisha plastiki tupu, hiyo ni kofia ya kumridhisha trafiki. Kinachookoa kichwa ni povu gumu jeupe, ndugu yake lile linalokuja na boksi la TV mpya. Likipigwa linasinyaa, na kwa kusinyaa linameza kishindo ambacho kingeingia kwenye fuvu. Likishasinyaa halirudi. Ndiyo maana helmeti iliyoanguka na kichwa ndani imemaliza kazi yake, hata kama nje inang'aa.

Ukishika ya baiskeli, tafuta stika ya kiwango cha usalama ndani: EN 1078 ya Ulaya au CPSC ya Marekani. Kwenye jaribio la EN 1078, kichwa cha bandia kilichovalishwa helmeti hudondoshwa juu ya chuma bapa kikigonga kwa mita 5.42 kwa sekunde, yaani kama kilomita 19.5 kwa saa. Kwa CPSC ni mita 6.2 kwa sekunde, kama kilomita 22. Usiseme "mbona mimi nashuka na 40". Linalopimwa hapo ni pigo la kichwa kwenda chini, na kichwa kinachoporomoka kutoka mita moja na nusu kinafika ardhini kwa kasi ya aina hiyo hiyo. Mwendo wa kwenda mbele mara nyingi unaishia kwenye kuteleza na kujikwangua, japo ukikutana na mti uso kwa uso hesabu inabadilika. Ukiona ASTM F1952, hiyo ni ya mbio za kushuka, na kinga ya kidevu nayo imejaribiwa.

Kwa Kawetere, ambako utapanda kwa miguu yako mwenyewe, mimi ningechukua ya nusu, ila ile ya milimani inayoshuka chini kisogoni na kukaribia masikio. Ya barabarani inaishia juu sana nyuma. Uso mzima ni kwa mtu anayepandishwa na pikapu halafu kazi yake ni kushuka tu, au mwenye hela ya zile ambazo kinga ya kidevu inachomoka.

Futikamba

Spoki32 kamaliza vizuri, ila helmeti nzuri ya saizi mbaya ni sawa na kutovaa. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe sentimita 2 juu ya nyusi, ipite juu ya masikio na pale kisogo kinapotokeza zaidi. Pima mara tatu, shika kipimo kikubwa. Saizi za viwandani huwa hivi: S ni 51 hadi 55, M ni 55 hadi 59, L ni 59 hadi 63. Kila kiwanda kina lake, kwa hiyo soma namba za sentimita kwenye stika, herufi ziache.

Dukani ivae bila kufunga mkanda. Ukingo wa mbele ukae vidole viwili juu ya nyusi. Kaza kidude cha kuzungusha kisogoni, kisha tikisa kichwa kama mtu anayekataa deni. Ngozi ya paji la uso isogee pamoja na helmeti. Helmeti ikicheza peke yake, ni kubwa. Baada ya hapo mikanda: miwili ya kila upande ikutane kama herufi Y chini kidogo ya ndewe ya sikio, na chini ya kidevu kipite kidole kimoja, viwili vikizidi. Fungua mdomo wazi kama unapiga mwayo: usikie helmeti inavutwa chini utosini. Usiposikia, kaza. Mwisho isukume kwa kiganja kutoka mbele kwenda nyuma. Ikifunua paji lote la uso, siku ya kuanguka itafanya hivyo hivyo.

Tatizo la huku kwetu ni baridi ya Juni na Julai. Mtu anavaa kofia ya sufu, juu yake helmeti. Sufu nene inaiinua helmeti na kuifanya itambae. Vaa kofia nyembamba ya kubana, na upime ukiwa nayo kichwani. Wenye rasta au mabutu makubwa, sukeni chini karibu na shingo; fundo likikaa chini ya helmeti, kipimo chote kimeharibika.

Ipogolo_Gia

Salamu kutoka Iringa. Kuhusu mtumba: mimi si mpinzani wa mitumba, lakini helmeti na breki pedi siko huko. Tatizo ni kwamba hujui ilianguka mara ngapi. Kama hakuna njia nyingine, nenda mchana, na uwe na tochi ya simu.

Anza na tarehe ya kutengenezwa, iko kwenye stika ndani. Viwanda vingi vinashauri kubadilisha baada ya miaka 3 hadi 5 ya matumizi, CPSC, shirika la Marekani la usalama wa bidhaa, wao wanasema 5 hadi 10. Stika ikiwa imebanduliwa, rudisha mezani. Kisha toa sponji zote ndogo, zimeshikwa kwa manyoya ya kunata, na umulike povu lote: ufa mwembamba kama unywele, sehemu iliyobonyea na kung'aa, gundi ya ziada. Shika pande mbili ubane taratibu ukiwa umeisogeza sikioni. Ikilia "kri kri", povu limevunjika ndani. Vuta mikanda, funga na fungua kifungo mara kumi.

Jambo ambalo watu hawalitazami ni harufu. Wauzaji wengine husafisha kwa petroli au thina ili ing'ae. Petroli inayeyusha hilo povu. Dondosha tone kwenye kipande cha boksi la TV uone kinavyozama kama sukari kwenye chai. Hata kupulizia rangi ya kopo usithubutu. Sabuni ya kawaida na maji ya uvuguvugu yanatosha.

Ukiona stika ya njano ya MIPS, usiamini stika. Ndani kuna utando mwembamba wa plastiki ulioning'inizwa kwa vimpira, kazi yake ni kuruhusu helmeti izunguke kidogo juu ya kichwa ukitua kwa kuteleza, ili ubongo usizungushwe nao. Usukume kwa vidole: unatakiwa kusogea milimita 10 hadi 15 kila upande na kurudi. Usiposogea, au vimpira vimekatika, unalipia stika.

Upepo_Makambako

Naingia kwenye macho, maana hapo ndipo wengi wanapoliwa hela. Miwani ya mkanda ya theluji imejaa kwenye mitumba na inavutia, lakini matundu yake yamezibwa sponji nene ili baridi isiingie. Ukiipanda nayo Kawetere, inaganda mvuke kabla hujafika nusu. Ya baiskeli au ya motokrosi ina matundu makubwa juu na chini, na sponji yake ni nyembamba ya wavu, inapitisha hewa na kuzuia vumbi.

Mvuke hautoki kwenye ukungu wa nje pekee, unatoka usoni kwako. Uso moto, lenzi baridi, hewa imesimama. Ndiyo maana miwani hiyo haivaliwi wakati wa kupanda. Izungushe nyuma ya helmeti au itundike mkononi juu ya kiwiko, ivae ukianza kushuka. Usiipandishe juu ya paji la uso lenye jasho: sponji inalowa, na ukiishusha ni kama kufunika sufuria ya wali. Lenzi ya tabaka mbili inasaidia sana ila ni ghali, na maji yakiingia kati ya tabaka hayatoki.

Rangi: watu wanakimbilia lenzi nyeusi au inayoakisi kama kioo. Msituni mwanga unakatika ghafla, jua, kivuli, jua, na mzizi uko pale pale kwenye kivuli. Miwani ya jua hugawanywa kwa madaraja: daraja 0 linapitisha mwanga asilimia 80 hadi 100, la 1 asilimia 43 hadi 80, la 2 asilimia 18 hadi 43, la 3 asilimia 8 hadi 18. Kwa Kawetere na njia za Tukuyu nunua nyeupe kabisa, yaani isiyo na rangi, au ya waridi hafifu ya daraja la 1. La 3 liwe la Kitulo kwenye nyanda wazi. Na usiogope kwamba nyeupe haizuii miale ya jua: plastiki ya polikaboneti yenyewe inazuia UV hata ikiwa haina rangi.

Vumbi la huku lina majivu ya volkano na chembe za pumisi. Kufuta lenzi kavu kwa tisheti ni kupiga msasa. Mwagia maji kwanza, hata ya chupa, vumbi liteleze lenyewe, ndipo ugusie kitambaa laini. Upande wa ndani usisugue kabisa, kuna dawa ya kuzuia mvuke pale. Gusiagusia tu ukauke.

Na hela ikigoma: duka la vifaa vya ujenzi lina miwani ya fundi wa gurainda. Tafuta alama EN 166 na herufi F. Imejaribiwa kwa goroli ya chuma ya milimita 6 kwa mita 45 kwa sekunde. Kijiti na kokoto inazuia. Vumbi la pembeni haizuii.

Mteremko_Uyole

Asanteni sana wakuu. Kichwa ni sentimita 57.5. Nimejaribu M mpya: inabana kwenye panja pande zote mbili, ila mbele na nyuma naweza kupitisha kidole. Nikwangue povu kidogo pale panapobana? Na miwani ya daktari naifanyaje?

Futikamba

Usikwangue hata milimita. Unene huo ndio breki yako. Saizi haina shida, umbo ndilo limekataa: helmeti hiyo ni ndefu na nyembamba, kichwa chako ni cha mviringo zaidi. L itapoa kwenye panja lakini mbele na nyuma utaogelea. Jaribu M ya kiwanda kingine. Ukikuta inabana kwenye paji la uso na kupwaya kwenye panja, umeangukia upande wa pili, endelea kutafuta.

Upepo_Makambako

Kwa miwani ya daktari, nunua ya mkanda iliyoandikwa OTG, yaani ya kuvaliwa juu ya miwani. Sponji yake imekatwa pembeni pa kupitisha mikono ya miwani. Pima upana wa fremu yako kutoka bawaba hadi bawaba uende na namba hiyo dukani. Kumbuka sasa una lenzi mbili za kuganda mvuke, kwa hiyo hiyo ya daktari ipake tone la sabuni ya vyombo usiku, ifute mpaka ing'ae.

Nenda na helmeti yako. Mkanda wa miwani upite nje ya helmeti, na uwe na mistari ya mpira kwa ndani, la sivyo unapanda juu kidogo kidogo. Kwenye helmeti za nusu angalia usikae juu ya kile kidude cha kuzungusha, utakifungua ukiwa mteremkoni bila kujua. Miwani ikisukumwa chini mpaka inabana pua, helmeti imekaa chini sana au fremu ni ndefu kwa uso wako.

Ipogolo_Gia

Na ukijaribu, inamisha kichwa kama uko kwenye mteremko mkali, usijipime umesimama wima mbele ya kioo. Nyingi zinagonga ukingo wa helmeti hapo tu.