Mapinduzi ya Ufaransa: ni hatua gani hasa iliyoua njia ya kati?

Mwalimu wa Kondele, Kisumu

Hamjambo wanajukwaa. Klabu yetu ya historia ina mdahalo na shule moja ya Kakamega mwishoni mwa muhula. Hoja ni kwamba wenye msimamo mkali waliyateka Mapinduzi ya Ufaransa, na wanafunzi wangu wanapinga. Taabu ni kwamba vitabu vya darasani vinaruka kutoka kuvamiwa kwa gereza la Bastille, Julai 1789, hadi gilotini, ile mashine ya kukata vichwa, kana kwamba Wafaransa walilala wakimpenda mfalme wakaamka wanataka kichwa chake. Mngenichagulia matukio manne tu yaliyoua njia ya kati, yaani mageuzi bila kumwondoa mfalme, niyaandike ubaoni, yangekuwa yapi, na kwa nini hayo? Pia, je, Ethiopia ya 1974 inafaa kulinganishwa, au nitawachanganya?

Msomaji wa Milimani, Nakuru

Mwalimu, usianzie Bastille. Anzia hazina. Agosti 1788 serikali ya Louis XVI ilisimamisha sehemu ya malipo yake. Karibu nusu ya mapato ya mwaka ilikuwa inamezwa na madeni, mengi yakiwa yametokana na vita vya kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Uingereza. Mwezi huohuo mfalme akaita Bunge la Matabaka (makasisi, makabaila na watu wa kawaida), lililokuwa halijakaa tangu 1614. Hati za malalamiko zilizoandikwa kila parokia zilidai kodi ya haki na bunge la kukutana mara kwa mara. Mfalme mwenyewe zilimtaja kwa heshima. Hapo ndipo mageuzi yalipoanzia, na yeye ndiye aliyeyaitisha.

Sasa matukio yako manne.

La kwanza ni kiapo cha mapadri, na vijana wengi hulipita bila kulitazama. Novemba 1789 bunge lilitwaa mali ya Kanisa ili kulipa deni, kisha likatoa hati za assignat, zilizogeuka kuwa noti, kwa dhamana ya ardhi hiyo. Ukishachukua shamba la Kanisa, ni juu yako kumlipa padri. Kwa hiyo Julai 1790 sheria ikawafanya mapadri na maaskofu watumishi wa kuchaguliwa na kulipwa na serikali, na Novemba wakaamriwa kuapa kuitii katiba. Karibu nusu ya mapadri wa parokia walikataa. Maaskofu walioapa ni saba tu. Papa Pius VI akalaani sheria hiyo mwaka uliofuata. Mkulima wa magharibi mwa Ufaransa, aliyefurahia kufutwa kwa haki za mabwanyenye Agosti 1789, sasa akatakiwa achague kati ya mapinduzi na padri wake. Waliopitisha haya hawakuwa watu wa gilotini. Ni wanasheria wapole waliokuwa wakitafuta pesa.

La pili ni Varennes. Usiku wa Juni 20, 1791 mfalme alitoroka Paris na familia yake, akaacha barua ya mkono wake akiyakana karibu yote aliyoyaridhia tangu 1789. Walinaswa Varennes, karibu na mpaka wa mashariki. Bunge lilikuwa limebakiza kidogo tu kumaliza katiba ya kifalme, na katiba ya kifalme haiendi bila mfalme. Likatangaza kwamba alitekwa. (Kama ni kutekwa, wanafunzi wako waanzie hapo.) Julai 17 watu waliokusanyika Champ de Mars kutia sahihi ombi dhidi yake walipigwa risasi na kikosi cha Lafayette, shujaa wa 1789. Wanamageuzi ndio waliomwaga damu ili kulinda kiti ambacho mwenyewe alikuwa amekikimbia.

La tatu ni vita, Aprili 20, 1792. Kundi la mbunge Brissot, lililokuja kuitwa Wagirondini, lilivitaka ili kumlazimisha mfalme aonyeshe yuko upande gani. Mfalme naye alivitaka kwa tumaini kwamba Ufaransa ingeshindwa na yeye arudishiwe mamlaka. Aliyepinga kwa hotuba baada ya hotuba alikuwa Robespierre, yuleyule anayetajwa kama kinara wa wenye msimamo mkali. Hilo peke yake linaitikisa hoja ya wapinzani wenu.

La nne, Agosti 10, 1792. Vita vilianza vibaya, mfalme akatumia kura ya turufu kuzuia sheria dhidi ya mapadri waliokataa kiapo, halafu likaja tangazo la Duke wa Brunswick, kamanda wa majeshi ya adui, kwamba Paris ingeangamizwa familia ya kifalme ikiguswa. Mitaa ya Paris pamoja na askari wa kujitolea kutoka Marseille na Brest wakalivamia kasri la Tuileries. Walinzi Waswisi wapatao 600 waliuawa. Septemba 21 ufalme ukafutwa, na Januari 21, 1793 Louis akakatwa kichwa kwa gilotini.

Kuna kipengele kimoja cha kuunganisha ya tatu na ya nne. Katiba ya 1791 ilimpa kura mwanamume anayelipa kodi ya thamani ya ujira wa siku tatu, wengine wakaachwa nje. Vita vilipokuja, hao walioachwa ndio walioitwa kushika bunduki.

Dada wa Lurambi

Mzee wa Milimani umepanga vizuri, ila mkate umeusahau. Huko Paris mkate wa ratili nne ulikuwa wa sou (sarafu ndogo ya Kifaransa) 8 au 9 nyakati za kawaida. Mwanzoni mwa 1789 ulifika sou 14 na zaidi, na kibarua alikuwa akipata kati ya sou 20 na 30 kwa siku. Hebu wapigeni hesabu wanafunzi wenyewe.

Halafu zile noti. Toleo la kwanza la assignat lilikuwa la livre (fedha ya Ufaransa ya wakati huo) milioni 400, likafuatwa na mengine kila hazina ilipokauka. Mwanzoni mwa 1793 noti ilikuwa na thamani ya karibu nusu ya ile iliyoandikwa juu yake, na kufikia Agosti chini ya theluthi moja. Mkulima mwenye ngano ghalani hauzi kwa karatasi ya namna hiyo, anangoja. Mji unakosa unga ilhali mavuno yapo. Hapo mafundi na wachuuzi wa Paris wakadai sheria ya kuweka kikomo cha bei. Septemba 29, 1793 ikapitishwa: bei za 1790 ukiongeza theluthi, mishahara ya 1790 ukiongeza nusu.

Lakini sheria ya bei haijitekelezi. Inahitaji wakaguzi, kunyang'anya ngano vijijini na adhabu kwa wanaoficha. Sehemu kubwa ya mashine ya ukali ya mwaka huo ilikuwa ni ya kupeleka unga mjini na viatu jeshini. Mkimtaja Robespierre bila ghala la ngano, mtaulizwa maswali mabaya.

Mbishi wa Kakamega

Nitasimama upande wa wapinzani ili mjiandae. Vichwa vilibebwa juu ya mikuki tangu Julai 14, 1789, kabla ya vita na kabla ya kiapo. Pili, mnasema vita ndivyo vilivyoleta ukali. Mbona sheria mbaya kuliko zote, ya Juni 10, 1794, iliyowanyima washtakiwa mawakili na kubakiza hukumu mbili tu, kuachiliwa au kifo, ilikuja wakati Ufaransa inaanza kushinda? Paris pekee zaidi ya watu 1,300 waliuawa kati ya siku hiyo na mwisho wa Julai.

Msomaji wa Milimani, Nakuru

Hilo la pili ndilo pigo lao zito, la kwanza ni jepesi. Fujo za umati zilikuwepo tangu zamani za wafalme. Kilichozaliwa 1793 ni dola inayoua kwa sheria, na hiyo ina tarehe zake: Februari wito wa askari 300,000, Machi maasi ya Vendée, magharibi mwa nchi, dhidi ya wito huo na Mahakama ya Mapinduzi mjini Paris, Aprili Kamati ya Usalama wa Umma, iliyokuja kuendesha serikali, Juni 2 viongozi wa Wagirondini kutolewa bungeni mizinga ikiwa imelizunguka jengo. Kati ya hukumu za kifo kama 17,000, Paris ilitoa takriban 2,600. Nyingi zilitolewa magharibi na maeneo ya Lyon, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Kuhusu Juni 1794, wasikwepe. Wakubali kwamba kufikia hapo Kamati ilikuwa imeshawaua Hébert na Danton, wanamapinduzi wenzao, na serikali iliyohalalishwa na hatari haikuwa na njia ya kushuka bila viongozi wake kushtakiwa wao. Kisha watoe tarehe mbili. Ushindi wa jeshi la Ufaransa huko Fleurus ni Juni 26. Robespierre anaangushwa Julai 27, na wabunge walewale. Hatari ilipopungua, walimvumilia mwezi mmoja tu.

Dada wa Lurambi

Na siku nne kabla ya kuanguka kwake, Paris ilitangaza viwango vipya vya mishahara vilivyowakata vibarua. Mitaa mingi haikutoka kumtetea.

Jirani wa Bungoma

Kuhusu Ethiopia: itumie, lakini kwa mzungumzaji wa mwisho peke yake. Mwanzo unafanana. Njaa ya Wollo, bei ya mafuta, maasi ya askari wa Negelle, kusini mwa nchi, Januari 1974 kwa sababu ya chakula na maji mabaya, kisha Haile Selassie akaweka waziri mkuu mpya, Endalkachew Makonnen, aliyeahidi katiba mpya. Njia ya kati ilidumu miezi michache. Derg, kamati ya askari, iliundwa Juni, mfalme akaondolewa Septemba 12, na Novemba 23 wakauawa watu wapatao 60, wengi wao waliokuwa mawaziri na majenerali.

Tofauti ndiyo yenye faida kwenu. Kule bunduki zilikuwa mikononi mwa kamati ya askari tangu mwanzo, na vita vikubwa na Somalia vilikuja 1977, baada ya ukali kuanza. Kakamega wakiwa werevu watawageuzia mfano huo. Jibu lenu: Ethiopia haikupata kuwa na bunge la kuchaguliwa lenye nguvu la kutekwa na yeyote.

Mwalimu wa Kondele, Kisumu

Asanteni sana. Kila mzungumzaji ana dakika tano. Nafikiria wa kwanza achukue hazina na kiapo, wa pili Varennes na vita, wa tatu mkate na jibu la Juni 1794. Ethiopia ibaki akiba. Kuna pengo?

Msomaji wa Milimani, Nakuru

Mpe wa pili Agosti 10 pia, la sivyo wa tatu ataanza na dola ya ukali bila kueleza nani aliyemwondoa mfalme. Na hotuba za Robespierre dhidi ya vita awe nazo na tarehe, kuanzia Desemba 1791. Watamkatiza hapo hapo.