Mwanangu anavua mashine za masikio shuleni, naombeni ushauri

MamaTunu: Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa kiume usikivu wake ni hafifu masikio yote mawili, kapewa mashine na zinamsaidia sana, ila akifika shule anazivua anaficha kwenye begi kwa sababu wenzake wanamwita roboti. Mwalimu anasema anazidi kubaki nyuma. Nifanyeje? Nawaza kumhamisha.

Kisiki: Pole dada. Wazazi wa siku hizi malezi wamewaachia simu, enzi zetu ukimcheka mwenzio hivyo unachapwa shuleni na nyumbani.

babu_K: Mzee wangu zake anaziweka kwenye droo, taarifa ya habari tunaisikiliza mtaa mzima 😂

Nasra_: Nyumbani anavaa muda wote? Hata wageni wakija?

MamaTunu: Anavaa vizuri tu.

Nasra_: Nimeuliza wageni.

MamaTunu: Wageni wakija namwambia avue kidogo, mbona akiitwa bado anaitika. Siyo aibu! Watu wakiziona wanaanza kumpayukia, wengine wananiuliza mimi "atakula?" na mwenyewe kakaa hapohapo. Mama mkwe naye anasema masikio yatazoea mashine yalale kabisa. Harusi ya mdogo wangu nimeshaamua hatavaa, picha zinakaa milele. Yule mtaalamu naye alinisema sana, kaziunganisha kwenye kompyuta ikaonyesha saa anazovaa kwa siku, basi nanyi msinihukumu.

Bonge: Chai hii. Kidude cha sikioni kihesabu saa? Halafu mtoto hasikii ila akiitwa anaitika. Mods fungeni uzi.

Nasra_: Bonge, mimi navaa tangu shule ya msingi. Mashine nyingi za kisasa zinatunza saa zilizowashwa. Na kuitika jina siyo kusikia maneno, wengi wetu sauti nzito zinapita lakini s, f, sh zinapotea, fika, shika na pika unazisikia kitu kimoja, unabaki kusoma midomo na kubahatisha, mwalimu akigeukia ubao umeachwa. Mama, masikio hayalali kwa kuvaa mashine. Ubongo wa mtoto ndio unaotaka sauti kila siku ili ushike lugha. WHO walisema 2021 kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa usikivu, wote tuwavue wageni wakija? Shule utahamisha, ila kuficha kajifunzia sebuleni kwako.

MamaTunu: Umenichoma. Sasa wakimkodolea macho harusini?

Nasra_: Wakikodoa, mwache aeleze mwenyewe. Mwulize pia anapenda rangi gani, ile sehemu inayoingia sikioni inatengenezwa hata ya rangi kali.

babu_K: Samahani, betri za mzee zinaisha mapema, akilala azime?

Nasra_: Azime, na kile kimlango cha betri akiache wazi.

MamaTunu: Nimemuuliza, anataka bluu. Ya harusi bado naongea na baba yake.